Mkopo wa nyumba na jina lako CRB: mwongozo kamili kwa anayekopa Uganda

Nilikaa upande wa pili wa meza ya mikopo kwa miaka minane, kwanza Busia, kisha Kampala. Watu waliokuja kuomba mkopo wa nyumba walikuwa wamejiandaa kwa mambo makubwa: hati ya ardhi mkononi, barua ya mwajiri, akiba ya kianzio. Wengi wao walikwama kwenye mambo madogo. Mwalimu mmoja alikuwa na deni la simu la shilingi 38,000 lililolala tangu alipobadilisha laini. Mama mmoja muuza vitenge alikuwa ameomba mkopo taasisi tano ndani ya wiki tatu, akiamini anajiongezea bahati. Hati zao za ardhi hazikuwa na doa. Ripoti zao za mikopo ndizo zilizowaangusha, na hakuna kati yao aliyewahi kuziona.

Mwongozo huu unaeleza nini hutokea kwenye kumbukumbu zako unapoomba mkopo, unapopewa mkopo wa nyumba, na katika mwaka wa kwanza wa kuulipa, na ufanye nini kila hatua.

Kwanza, nani anayeandika habari zako

Benki Kuu ya Uganda husimamia kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, zile tunazoziita CRB (Credit Reference Bureau). Msingi wake ni Sheria ya Taasisi za Fedha ya mwaka 2004, na kazi yenyewe ilianza Desemba 2008 kupitia kampuni ya Compuscan. Miongoni mwa kampuni zilizopata leseni baadaye ni Metropol na gnuGrid. Benki na taasisi nyingine zinazosimamiwa na Benki Kuu hupeleka huko habari za kila mkopaji: amekopa kiasi gani, analipa vipi, amechelewa siku ngapi, na hundi zake zilizorudi kwa kukosa fedha. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalifungua mlango kwa wakopeshaji wengine nao kukubaliwa katika mfumo, kwa hiyo usidhani deni lisilo la benki halitajulikana.

Kila habari hufungwa kwenye utambulisho wako, na siku hizi hiyo ni NIN, namba ya kitambulisho cha taifa yenye herufi na tarakimu 14. Waliokopa zamani watakumbuka kadi ya fedha iliyotolewa kwa alama za vidole. Ikiwa wewe ni mmoja wao, angalia sana hatua ya kwanza hapa chini, maana historia nzuri ya kadi ile inaweza isiwe imeunganishwa na NIN yako.

Alama ya mkopo ni namba inayofupisha habari hizo zote. Kila kampuni ina kanuni yake ya kuikokotoa, na benki nyingi zina kipimo chao cha ndani juu ya hapo. Ndiyo maana sikuwahi kumshauri mtu aikimbize namba. Soma mistari ya ripoti, mmoja mmoja. Mistari ikiwa mizuri, namba itafuata.

Tahadhari kuhusu ushauri wa Marekani

Ukitafuta jambo hili kwenye intaneti, sehemu kubwa ya utakachokuta kimeandikwa kwa ajili ya Wamarekani na alama yao ya FICO, inayoanzia 300 hadi 850. Kule mgawanyo unajulikana: historia ya malipo asilimia 35, kiasi unachodaiwa 30, umri wa historia yako 15, mikopo mipya 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo 10. Ombi moja la mkopo kwa kawaida hupunguza chini ya pointi 5. Ulizo, yaani alama inayobaki mkopeshaji anapoangalia ripoti yako, hukaa kwenye ripoti miaka 2, ingawa FICO hulihesabu kwa miezi 12 tu. Tena wana nafuu moja kubwa: maombi kadhaa ya mkopo wa nyumba yakifanywa ndani ya siku 14 hadi 45, kutegemea toleo la kanuni, huhesabiwa kama ombi moja.

Nafuu hiyo ni ya kanuni ya FICO. Usiibebe ukaenda nayo Kampala Road ukaomba benki sita ukidhani zitahesabiwa moja. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kule ni mpangilio wa uzito: kulipa kwa wakati kuko juu mbali, wingi wa deni unafuata, na maombi mapya yako chini. Hilo nililiona pia mezani kwangu. Ombi jipya hukwaruza tu. Malipo yaliyochelewa ndiyo yanayokata.

Hatua ya 1: Miezi sita kabla, omba ripoti yako mwenyewe

Nenda kwenye kampuni za kumbukumbu ukiwa na kitambulisho chako cha taifa, uombe ripoti. Uliza ada kabla ya kulipa. Omba kwa zaidi ya kampuni moja, kwa sababu benki yako inaweza kutumia hii na wewe ukawa umesoma ile. Kujiangalia mwenyewe hakukupunguzii alama. Kinachohesabiwa ni ulizo la mkopeshaji anayetaka kukukopesha.

Ukishaipata, kaa nayo mezani na kalamu. Tazama jina kwanza: je, limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Majina yetu hugeuzwa mbele nyuma, Muhammad huwa Mohamed, Nakato hupoteza herufi, na mtu mmoja akawa na mafaili mawili. Kisha tazama kila mkopo. Ule uliomaliza mwaka juzi umeandikwa umefungwa, au bado unaonyesha salio? Kuna mkopo usioutambua? Mwisho, soma orodha ya waliouliza habari zako. Jina la mkopeshaji ambaye hukumwomba chochote ni dalili ya kufuatilia haraka, pengine mtu ametumia kitambulisho chako.

Kosa likionekana, anza na mkopeshaji aliyepeleka habari hiyo. Andika barua, ambatanisha risiti au barua ya kumaliza mkopo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Peleka nakala nyingine kwa kampuni ya kumbukumbu. Ukizungushwa, Benki Kuu hupokea malalamiko ya wateja, na miongozo yake ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ya mwaka 2011 inaibana kila taasisi inayosimamiwa nayo kushughulikia malalamiko. Ikiwa jambo lenyewe ni matumizi mabaya ya habari zako, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo iko upande wako. Kazi hii huchukua muda, ndiyo maana nimesema miezi sita.

Hatua ya 2: Fagia madeni madogo

Mkopo wa simu wa shilingi 50,000 unaonekana kama mchezo. Lakini MoKash, kwa mfano, ni huduma ya MTN pamoja na benki ya NCBA, na benki ni benki: deni lake ni deni la benki. Afisa anapofungua ripoti, mstari wa deni la simu lililochelewa siku 120 anausoma kwa uzito usiolingana na kiasi chake. Anajiuliza: huyu ameshindwa elfu hamsini, nitamwaminije na milioni mia moja?

Kwa hiyo lipa yote, hata ya laini uliyoitupa. Ukimaliza usiombe tena kila wiki kwa mazoea. Wapo wanaodhani kukopa na kulipa kila siku kumi kunajenga jina. Kulipa kunasaidia, kweli, lakini mlolongo wa mikopo midogo isiyokatika unamwonyesha afisa mtu ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi. Mkopo mmoja uliolipwa vizuri kwa mwaka mzima una maana kuliko thelathini ya simu.

Kisha udhamini. Hapa ndipo watu wazuri huumia. Umemdhamini shemeji kwenye SACCO, umesahau, yeye ameacha kulipa tangu Pasaka. Deni likikurudia, linakurudia lote. Mpigie kabla hujaenda benki. Mwombe akuonyeshe karatasi ya marejesho, akuonyeshe kwa macho, asikueleze kwa mdomo. Najua ni vigumu kumwuliza mtu mzima wa familia swali kama hilo, na nimeona watu wakiona haya mpaka nyumba ikawapita.

Wafanyabiashara, hasa wenye kulipana kwa hundi pale Kikuubo, mtaa wa biashara ya jumla Kampala: hundi iliyorudi kwa kukosa fedha huenda kwenye kumbukumbu. Mwombe mwenzako asubiri siku mbili kuliko kumwandikia hundi ya matumaini.

Mwenye mkopo wa mshahara naye aache tabia ya kuongeza. Kila unapoongezewa, mkopo wa zamani hufungwa na mpya hufunguliwa. Ulizo jipya, akaunti changa, deni limepanda tena. Mtu aliyeajiriwa miaka 15 anaonekana kama mkopaji wa miezi minne.

Hatua ya 3: Uliza bei bila kuomba

Unaweza kuzunguka benki tatu ukapata picha nzima bila kuacha alama yoyote. Siri iko kwenye fomu: ile unayotia sahihi ina kifungu cha kuwaruhusu wakuulize CRB. Kabla ya sahihi hiyo wewe ni mgeni anayeuliza bei. Usitoe NIN, usijaze fomu "kwa ajili ya kuangalia tu".

Uliza haya: riba ni ya kudumu au inapanda na kushuka? Ada ya kushughulikia mkopo ni kiasi gani? Mthamini, wakili na bima nalipa mimi? Kianzio ni asilimia ngapi? Mnapokea hati za aina gani? Swali la mwisho lina uzito wake Uganda, kwa sababu tuna mailo (umiliki wa kudumu, hasa Buganda), umiliki huru, upangaji wa muda mrefu na ardhi ya kimila, na kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi yenye mmiliki mwingine, kisicho na hati kitakukwamisha hata kama jina lako linang'aa. Mwenye kulipwa kwa shilingi akatae mkopo wa dola, riba ndogo isimdanganye.

Andika majibu kwenye daftari, linganisha nyumbani.

Hatua ya 4: Omba pamoja, usiombe kwa kutapatapa

Chagua benki moja, na ya pili iwe akiba. Ukiona lazima uombe kote kuwili, fanya hivyo ndani ya wiki moja na umwambie kila afisa ukweli: naomba kwenu na kwa wenzenu, nyumba ni moja. Maulizo mawili ya wiki moja yanasomeka kama mtu anayetafuta riba nzuri. Maulizo matano yaliyosambaa miezi minne yanasomeka kama mtu anayekataliwa kila anakokwenda. Hata kama kompyuta haijapunguza pointi nyingi, afisa ana macho. Mimi nilikuwa nahesabu.

Ukikataliwa, simama. Uliza sababu, uliza kama imetoka kwenye ripoti, na kama imetoka huko chukua ripoti mpya kabla ya kwenda mlango unaofuata. Yule mama wa vitenge angeuliza swali hilo benki ya kwanza, angejua kwamba tatizo lilikuwa mkopo wa zamani ambao haukuwa umefungwa kwenye kumbukumbu. Lilikuwa jambo la barua moja.

Jambo jingine ni msimu. Mwanzoni mwa muhula wa kwanza, karibu kila nyumba inahangaika na karo, na watu huchukua mikopo ya haraka. Ukipanga kuomba mkopo wa nyumba Machi, hakikisha karo ya Februari haitoki kwenye mkopo. Weka akiba yake mapema.

Wanandoa wanaoomba pamoja wajue kwamba mkopo utaonekana kwenye majina yote mawili, na uchafu wa mmoja utasomwa dhidi ya wote. Someni ripoti za kila mmoja mkiwa wawili, mlango umefungwa. Hata anayeomba peke yake, ikiwa nyumba inayowekwa rehani ni ya familia, Sheria ya Rehani ya 2009 inataka mwenzi akubali.

Hatua ya 5: Kati ya barua ya kukubaliwa na fedha kutoka

Watu hupata barua ya benki wakashangilia, jioni wanaenda kuchukua friji kwa mkopo. Barua hiyo ni ahadi yenye masharti. Bado kuna mthamini, kuna upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, kuna kusajili rehani. Hizo ni wiki, mara nyingine miezi, na benki inaweza kuangalia ripoti yako tena kabla ya kuachia fedha. Mkopo mpya wa milioni 3 uliouchukua katikati unabadilisha hesabu nzima ya uwezo wako wa kulipa.

Katika kipindi hiki: usikope popote, usimdhamini mtu, usibadilishe kazi kama unaweza kuepuka, na lipa kila kilichopo siku mbili kabla ya tarehe. Basi.

Hatua ya 6: Mwaka wa kwanza, alama ikishuka usitishike

Hapa ndipo hesabu inaposema yenyewe. Chukua mkopo wa shilingi 150,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, miaka 15. Rejesho la mwezi ni kama 2,203,000. Mwezi wa kwanza, 2,000,000 nzima ni riba; kinachopunguza deni ni 203,000 tu. Baada ya miezi 12 utakuwa umetoa zaidi ya milioni 26, na deni limepungua kama milioni 2.6. Kwenye ripoti yako bado unaonekana unadaiwa zaidi ya milioni 147.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo ripoti ina ulizo jipya, akaunti changa, na deni kubwa ambalo karibu halisogei. Alama kushuka kidogo ni jambo la kawaida. Kinachoipandisha tena ni safu ya malipo: mwezi wa kwanza umelipwa, wa pili umelipwa, wa tatu. Kila tiki inaongeza uzito, na mkopo mrefu wa dhamana uliolipwa bila kuchelewa ni kati ya vitu vizuri kabisa ambavyo ripoti ya mtu inaweza kuonyesha.

Linda safu hiyo kwa mpangilio wa tarehe. Serikali hulenga mishahara iwe imelipwa kufikia tarehe 28. Mwalimu au muuguzi aliyewekewa rejesho la tarehe 29 anaishi kwa bahati. Mshahara ukichelewa siku tatu, ameandikwa amechelewa ingawa kosa si lake. Omba tarehe 5, kabla ya kutia sahihi, wakati benki bado inakutaka. Kisha weka rejesho moja zima kwenye akaunti kama kinga, uliguse siku ya dharura tu na ulirudishe mwezi unaofuata.

Usiombe mkopo mwingine mwaka huo. Ukijumlisha marejesho yako yote, yasivuke nusu ya mshahara unaofika mkononi. Mimi ningekaa karibu na theluthi, maana nyumba mpya ina bomba linalopasuka na ukuta unaodai rangi.

Hatua ya 7: Ukiona huwezi kulipa

Nenda benki kabla ya tarehe kupita. Kabla. Mtu anayekuja na rejesho moja lililo hatarini ana mengi ya kuzungumza: kurefusha muda, kulipa riba tu miezi michache, kubadili tarehe. Anayekuja na matatu yaliyopita anakuta faili limeshahamia kwa watu wa kudai.

Jua saa zinavyohesabiwa. Mkopo ukifikisha siku 90 bila kulipwa, kanuni za Benki Kuu zinauhesabu kuwa mbovu. Siku 180 unashuka daraja, na siku 365 unahesabiwa hasara. Lakini Sheria ya Rehani haisubiri hizo 90. Ukishindwa kulipa kwa siku 30, benki inaweza kukupa notisi ya kurekebisha ndani ya siku 45 za kazi, na usiporekebisha inaweza kutoa notisi ya kuuza ya siku 21 za kazi. Usifungie bahasha kabatini. Zile siku 45 ni zako. Mtafute wakili, mtafute mnunuzi mwenyewe ikibidi, kwa sababu nyumba uliyoiuza wewe hupata bei nzuri kuliko ya mnada, na ripoti yako itaonyesha mkopo uliolipwa.

Ukikubaliana na benki masharti mapya, yapate kwa maandishi, na baada ya miezi miwili chukua ripoti uone wameyapeleka CRB jinsi yalivyo.

Hatua ya 8: Siku ya kumaliza

Wengi hulipa rejesho la mwisho wakapika pilau wakasahau. Una vitu vitatu vya kuchukua: barua ya benki kwamba hudaiwi, hati yako, na karatasi ya kuondoa rehani ambayo lazima isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi, la sivyo jina la benki litabaki juu ya ardhi yako hata baada ya deni kwisha. Subiri miezi miwili, omba ripoti yako ya CRB, na utazame mstari wa mkopo wa nyumba. Uwe umeandikwa umefungwa, salio sifuri. Usipokuwa hivyo, rudi benki na ile barua, asubuhi hiyo hiyo.